Sashe ya Lubumbashi inafika namna gani baharini?

Lubumbashi iko mbali na bahari, lakini maji yake yanaenda huko. Mto Lubumbashi unaingia Kafubu, Kafubu inaingia Luapula, na Luapula inaingia Ziwa Moero. Kule Pweto maji yanatoka ziwani kwa jina la Luvua, yanakutana na Lualaba pale Ankoro, na mwishowe mto Kongo unayafikisha Atlantiki, karibu na Banana.

Mvua ikinyesha, sashe na chupa zilizotupwa kwenye mifereji zinafuata njia hiyo. Jua na mchanga vinazikatakata mpaka kuwa vipande vya chini ya milimita 5. Hivyo ndivyo vinaitwa mikroplastiki. Nyuzi za nguo na vumbi la matairi pia zimo.

Ili kuzihesabu, watafiti wanatega mtoni wavu wenye matundu ya karibu theluthi moja ya milimita, wakipima na maji yanayopita ndani. Takataka za majani zinayeyushwa kwa dawa, kisha maji ya chumvi nyingi yanafanya plastiki zielee, zihesabiwe kwa darubini.

Si zote zinafika baharini. Zingine zinabaki kwenye tope, zingine zinamezwa na samaki, na samaki wa Luapula na Moero wanauzwa Lubumbashi. Madhara kwa mwili wa mtu bado yanachunguzwa.

Serikali ilikataza sashe kwa dekre ya tarehe 30 Desemba 2017, lakini sokoni bado ziko. Sashe nzima inaokotwa kwa mkono. Ikishavunjikavunjika mtoni, hakuna wa kuiokota tena.