Kani Pindishi, Si "Mvuto wa Katikati"

Mswada wa kitabu cha fizikia cha sekondari ulioletwa mezani kwangu niuhariri umeandika, sura nzima bila haya, "nguvu ya mvuto wa katikati". Kani inayokusudiwa haina fumbo: ni ile inayokitoa kitu kwenye mstari ulionyooka na kukifanya kiende kwa duara, centripetal force kwa Kiingereza. Kinachohitaji maelezo ni namna watu wazima, tena wasomi, walivyokaa kikao cha kamati wakalipitisha jina hilo.

Neno "mvuto" limekwisha kupata mwenyewe: ni ule unaoangusha embe. Mwanafunzi akisoma "mvuto wa katikati" ataamini kila duara lina kitu kitovuni kinachovuta. Basi na tutazame kona ya barabara yenye nusukipenyo cha mita 100. Katikati ya duara hilo pana nini? Pengine shamba la mahindi, pengine korongo. Shamba halivuti gari. Kinachofanya kazi ni msuguano wa matairi na lami. Gari la kilo 1,000 likipita hapo kwa kilomita 72 kwa saa linataka newtoni 4,000. Dereva akizidisha mwendo mara mbili, zinatakiwa 16,000, ilhali uzito wa gari lenyewe haufiki 10,000. Matairi ya kawaida hayazimudu, na gari litateleza kuelekea nje ya kona.

Kosa hili lina ukoo. Mholanzi Christiaan Huygens ndiye aliyetangulia, mwaka 1659, kuita vis centrifuga, yaani kani inayokimbia kati. Newton, katika maandishi yake ya 1684 na kisha katika Principia ya 1687, akageuza na kusema vis centripeta, inayotafuta kati. Mzizi wa centrum ni kentron ya Wayunani: ncha kali, ule mguu wa bikari unaochomwa kwenye karatasi. Kwa hiyo hata jina la Newton lilisema kani inakoelekea, halikusema inakotoka. Waarabu wakafasiri kwa jadhiba, yenye kuvuta, na nashuku mvuto wetu umepitia mlango huo.

Lipo kundi jingine, linalojiona limeendelea zaidi, linalosema "kani kitovu". Nomino mbili zimelazwa kitanda kimoja bila kuoana! Ni kani ya kitovu, kwa kitovu, au iliyomo kitovuni? Kitovu kwa Mswahili ni cha mwana na mama yake, ni mahali pa asili, na anayesikia "kani kitovu" ataelewa kani itokayo hapo. Tumerudi kwenye shamba la mahindi. Na wale wa "kani sentripeta" sina ugomvi nao. Wamechoka kufikiri, wakalitohoa tu neno la kigeni.

Mimi nasema kani pindishi, na nimelisema kwenye vikao ambako hoja yangu ilipewa nafasi kati ya chai na kufunga. Kupinda ni kuacha mstari ulionyooka. Humo mna upinde wa mwindaji na upinde wa mvua, mna pindo la kanga, mna kupindua chombo baharini na mapinduzi ya nchi. Wapo hata wanaokihusisha kipindi, muda unaokwenda na kurudi. Kiambishi cha mwisho si uzushi wangu: aliyetupa kiunganishi na kirejeshi ndiye anayetupa pindishi. Kani nayo ni ya kale, na maana yake ya pili, ukaidi, wajumbe wa kamati wanaiishi vizuri kuliko wanavyoieleza.

Jina hili linataja kazi, na kazi hiyo yaweza kufanywa na yeyote: msuguano, uzi, au mvuto wa dunia. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ilipewa jina la ukombozi, lakini haikuwa huru hata sekunde moja. Ilikwenda karibu kilomita 7.6 kila sekunde, na mvuto wa dunia ukawa unaipinda njia yake, ikamaliza mzunguko kwa dakika 96 hivi. Abiria wa dirishani anayelalamika kwamba kona "imemtupa nje" ataelewa pia: mwili wake ulitaka kwenda moja kwa moja, na msukumo wa ubavu wa basi unaoligandamiza bega lake ndio kani pindishi yake.

Mpinzani mmoja alidai neno hili ni mali ya wahandisi, kwa ajili ya vyuma vinavyopindwa. Aende kwenye ujenzi wowote asikilize. Nondo hukunjwa.

Matumizi ni mepesi: kani pindishi, mchapuko pindishi, "kani pindishi ya gari ni newtoni 4,000". Upatanisho ni uleule wa kani.

Mswada nimeurudisha na masahihisho kwa wino mwekundu. Kamati ikitaka kuyafuta, na ianze kwa kunionyesha ni nini kinachovuta kutoka katikati ya ile kona.