Desibeli ilizaliwa kwenye waya wa simu

Ukifungua ukurasa wa takwimu wa modemu inayotumia laini ya simu ya shaba, utakuta namba mbili zenye desibeli: upotevu wa mawimbi, na akiba iliyobaki juu ya kelele. Unadhani desibeli ilitoka kwenye muziki? Hapana, ilitoka kwenye waya wenyewe.

Mwanzoni mwa karne ya 20, wahandisi wa simu Marekani walipima laini kwa maili: sauti imefifia sawa na kupita maili ngapi za waya wa mfano? Wazo zuri, kwa sababu upotevu wa maili moja ni karibu tofauti ndogo kabisa ambayo sikio huitambua. Shida ni kwamba waya hupoteza sauti nyembamba kuliko nzito, hivyo "maili" haikuwa moja. Mwaka 1924 wahandisi wa Bell wakaleta kipimo kisichotegemea waya wowote, uwiano wa nguvu tu. Mwaka 1928 kikaitwa desibeli, kwa jina la Alexander Graham Bell.

Sasa soma modemu yako. Kila desibeli 10 hugawa nguvu kwa 10, kwa hiyo upotevu wa 30 umebakiza sehemu 1 kati ya 1,000. Huo kwa kawaida ni umbali tu, umeishi nao siku zote. Akiba ndiyo ya kuchunga. Laini nyingi hupangiwa 6 hivi. Ikiwa mchana ni 9 na usiku ni 2, nyumba yako haijahama: kelele imeongezeka. Kagua kwanza viungio vya waya ndani, ndipo upigie kampuni.