Vituo vya Redio Vilivyobaki Kwenye Karatasi: Uingereza, 1971 hadi 1986

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, BBC ndiyo peke yake iliyoruhusiwa kisheria kurusha matangazo ya redio nchini Uingereza. Meli kama Radio Caroline, iliyoanza kutangaza kutoka baharini mwaka 1964, zilikuwa zimeonyesha kwamba wasikilizaji walitaka zaidi, lakini sheria ya 1967 ilizibana. BBC ilifungua vituo vyake vya mitaa mwaka huohuo, cha kwanza Leicester, na bado madai ya redio ya kibiashara hayakunyamaza.

Chama cha Conservative kilichoshinda uchaguzi wa 1970 kiliyasikiliza madai hayo. Waraka wa serikali wa 1971 ulipanga vituo vya mitaa visivyozidi 60, na sheria ya 1972 ikaikabidhi Mamlaka ya Utangazaji Huru, IBA, kazi ya kuvisimamia. Kila kituo kilikusudiwa kusikika kwenye FM na kwenye masafa ya kati, yaani AM.

Masafa ya kati hayagawiwi ovyo. Mchana mawimbi yake huambaa ardhini, lakini usiku hugonga tabaka la juu la angahewa na kurudi ardhini mbali sana, hata kuvuruga vituo vya nchi nyingine. Ndiyo maana mwaka 1975 mataifa ya Ulaya, Afrika na Asia yalikutana Geneva kuyagawana upya.

Kati ya vituo vipya vya kibiashara, LBC ya London ilianza tarehe 8 Oktoba 1973, na Capital Radio ikafuata baada ya siku nane. Wakati huohuo bei ya mafuta ilipanda, uchumi ukayumba, na fedha za matangazo ya biashara zikapungua. Baada ya uchaguzi wa Februari 1974, chama cha Labour kiliunda serikali. Serikali mpya iliweka kikomo cha vituo 19, na pia ikaunda kamati chini ya Lord Annan kuchunguza mustakabali wa utangazaji. Kituo cha 19 kilianza Wolverhampton mwaka 1976, na kingine hakikupatikana hadi Cardiff mwaka 1980. Nafasi 41 zilizopangwa zilisubiri, na miji iliyozitarajia ikasubiri nazo.

Wapo wanaoulaumu uchumi, na wapo wanaoilaumu Labour kwa kuishuku redio ya biashara. Uchumi mbaya ungeweza kuchelewesha vituo kimoja kimoja, lakini haukuwa na uwezo wa kuandika namba 19. Kikomo hicho kiliwekwa na serikali.

Mwaka 1985 matumaini yalifufuka. Waziri wa Mambo ya Ndani, Leon Brittan, alitangaza jaribio la vituo 21 vya kijamii, na zaidi ya vikundi 200 vikaomba leseni. Juni 1986 mrithi wake, Douglas Hurd, alilifuta kabla hata kituo kimoja hakijafunguliwa. Sababu rasmi ilikuwa kwamba sheria nzima ya redio ilihitaji kutazamwa upya. Wengine waliona hofu ya serikali kuwapa kipaza sauti watu isiowadhibiti, hasa baada ya ghasia za 1985 mjini London na Birmingham. Maelezo haya mawili hayapingani, kwa kuwa serikali yenye hofu hupata urahisi wa kuomba muda zaidi.

Je, nafasi hewani hazikuwepo? Uhaba ulikuwa wa kweli, lakini sehemu yake ilitokana na mpangilio uliochaguliwa, kwa sababu kwa miaka mingi vituo vilirusha vipindi vilevile kwenye AM na FM kwa pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vilihimizwa kuyatenganisha masafa hayo, na mwaka 1988 Capital Radio ikaitumia AM yake kwa kituo kipya cha muziki wa zamani. Mwaka 1989 Sunrise Radio ilianza kuwatangazia Waasia wa magharibi mwa London kwenye AM, ikiwa na leseni halali.

Kwa hiyo, fizikia iliweka mpaka wa mbali, na siasa ikaweka mpaka wa karibu zaidi. Waombaji wa 1985 walikuwa na watu na mipango. Walichonyimwa ni ruhusa ya kuzungumza na majirani zao.