Salamu Katika Barua: Historia Fupi ya Kuwaunganisha Walio Mbali

Kila tunapofundisha barua ya kirafiki, wanafunzi huuliza swali lile lile: kwa nini salamu ziwe ndefu kuliko habari yenyewe? Wengine huzikata zikawa sentensi moja ili walifikie upesi "jambo muhimu". Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba, kwa mtu aliye mbali na kwao, salamu mara nyingi ndizo jambo muhimu lenyewe.

Tuanzie pwani. Mnamo mwaka 1892 Mjerumani C. G. Büttner alichapisha mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, zikiwemo barua. Barua za pwani zilikuwa na kawaida zake. Anayeandikiwa hutajwa kwa heshima, hufuata salamu na hali ya mwandishi, kisha neno kama "wabaadu", ndipo shauri lililomfanya aandike huja. Mwishoni jamaa na marafiki husalimiwa. Shule zetu zilirithi umbo hilo, ila sababu yake imefifia.

Sababu hiyo ilidhihirika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Uganda pekee ilitoa askari zaidi ya 70,000. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwaka 1943, na mwaka 1944 ikapigana Burma. Katika vikosi vingi Kiswahili kilikuwa lugha ya amri na ya maelewano baina ya watu wa makabila mbalimbali. Waliojua kuandika waliandika nyumbani kwa lugha zao au kwa Kiswahili, na wasiojua walimwomba mwenzao.

Barua hizo zilipitia kwa wakaguzi wa jeshi. Askari hakuruhusiwa kutaja mahali alipo wala kikosi chake kinakoelekea. Alibaki na nini cha kuandika? Salamu, na maswali ya nyumbani: ng'ombe, shamba, mahari, karo ya mdogo wake, na kama fedha alizoagiza zikatwe katika mshahara zimemfikia mkewe. Kijijini, pale ambapo hakuna aliyejua kusoma, barua ilipelekwa kwa mwalimu au katekista aisome kwa sauti. Kwa hiyo orodha ya majina haikuwa ya kujaza karatasi. Aliyetajwa alijua hajasahauliwa. Aliyerukwa naye alijua. Mwandishi mwenyewe alikuwa akilinda nafasi yake katika ukoo ambao huenda hakuuona kwa miaka miwili au mitatu.

Nusu karne baadaye jambo hili lilijirudia katika ukanda wetu, kwa uchungu zaidi. Mwishoni mwa Aprili 1994, UNHCR ilikadiria kuwa watu 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara, Tanzania, katika muda wa saa 24. Familia nyingi zilipotezana njiani. Msalaba Mwekundu ulisambaza karatasi za ujumbe zisizofungwa, ambazo ziliruhusiwa kubeba habari za kifamilia tu. Mwaka huo huo BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaitwayo Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia, ili kuwasaidia waliokuwa wakitafutana. Kama ilivyokuwa kwa askari wa Burma, ujumbe ulipunguzwa ukabaki na kiini chake: nani yu hai, yuko wapi, anamsalimu nani.

Hapa Uganda wengi hukihusisha Kiswahili na kambi za jeshi na amri zake. Ni vema tuwakumbushe wanafunzi wetu kwamba askari yule yule aliyeamriwa kwa Kiswahili aliweza pia kukitumia kumwuliza mama yake hali.

Siku hizi simu imefupisha kila kitu, na aliye Dubai au London huonana na wazazi wake kwenye kioo. Hatuombi barua irudi. Tunapendekeza zoezi moja tu kwa walimu wenzetu: mwambieni mwanafunzi amwandikie ndugu aliye ughaibuni ukurasa mmoja usio na ombi wala habari mpya, bali salamu za watu wa nyumbani, kila mmoja kwa jina lake na cheo chake cha ujamaa: shangazi, binamu, wifi, mjukuu. Atajifunza msamiati, na huenda akagundua ni nani ambaye hajamsalimu siku nyingi.