Nyundo za Wanafunzi Chini ya Mlima Hanang

Leo naomba tuongelee mawe. Msicheke, mawe nayo yana historia.

Jiolojia sikuisomea, mimi kazi yangu ni kalamu. Ila kuna tarehe moja ilinifanya nianze kuuliza maswali niliyoyakimbia shuleni: Desemba 3, 2023. Alfajiri ya Jumapili ile, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang, vikapita Gendabi na Jorodom hadi mjini Katesh. Watu 89 walipoteza maisha. Wapo waliodhani volkano imelipuka. Serikali ikafafanua kwamba hapakuwa na mlipuko: sehemu ya mlima yenye miamba iliyolainika ilinyonya maji mengi, ikazidiwa, ikameguka.

Baadaye nikapata nafasi ya kufuatana na wanafunzi wa jiolojia wa chuo kimoja waliokuwa fildi. Tulianzia Mbulu. Kila mmoja na nyundo yake, dira, lenzi ya mkono na daftari. Mhadhiri akatuonyesha kwamba uwanda wa Mbulu umekalia miamba mikongwe mno, wakati Hanang ni volkano changa kwa hesabu za wanajiolojia, iliyochomoza pale Bonde la Ufa linapoanza kufifia kuelekea kusini. Ardhi hii haijatulia kabisa. Mei 1964, siku chache tu baada ya Muungano, tetemeko liliitikisa Mbulu.

Kule Kainam tuliona mashamba ya Wairaqw kwenye miteremko mikali, matuta yamekingamishwa ili maji yasikimbie na udongo. Hawa hawakungoja digrii kujua kwamba mlima unaweza kuhama!

Tukateremka Dareda, tukashika barabara ya Singida mpaka Katesh. Njiani nikawa najiuliza: elimu hii tulianza nayo lini, na ilikuwa ya nani?

Mwingereza J. W. Gregory alipita Kenya mwaka 1893, na kitabu chake cha 1896 kikalifanya Bonde la Ufa lijulikane duniani. Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ikaanzisha idara yake ya jiolojia, makao yakawa Dodoma. Kazi kubwa ilikuwa kuchora ramani na kutafuta madini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanza kufundisha jiolojia mwaka 1974, sasa wataalamu wakawa watoto wetu wenyewe. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini nadhani swali la mkoloni tulilirithi pamoja na nyundo yake: chini kuna nini cha kuchimba? Swali la nani analala chini ya mlima lilichelewa.

Gendabi wanafunzi walipima upana wa njia ya tope na ukubwa wa mawe. Mama mmoja alikuwa amesimama pembeni anawatazama.

"Shikamoo mama," kijana mmoja akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Nyinyi mkishapima mnaondoka. Mlima tunabaki nao sisi."

Kijana hakuwa na jibu.

Usiku kukawa na semina kwenye ukumbi mdogo wa nyumba ya wageni. Kila kundi lilisoma vipimo vyake, kwa Kiingereza kizuri tu. Yule kijana akasimama, akarudia maneno ya mama. Ukumbi ukanyamaza. Mhadhiri akasema, "Basi kesho semina tunaifanyia kwake."

Kesho yake tulikaa chini ya mti, kwa Kiswahili, na mtu wa kutafsiri Kiiraqw na Kidatoga. Wanafunzi walieleza dalili za kuangalia: nyufa mpya kwenye mteremko, mto unaobadilika rangi ghafla au kukauka wakati mvua inanyesha. Wazee nao wakaonyesha mikondo ya zamani ya maji, ambayo haikuwa kwenye daftari lolote. Madaftari yakafunguliwa upya.

Ndugu zangu, ile saa moja na nusu haikumgharimu mtu chochote. Ripoti ya fildi inampa mwanafunzi maksi, sawa. Lakini nakala yake ya Kiswahili ikibaki ofisi ya kijiji, mvua nyingine kubwa ikija mtu atajua wakati wa kuamsha watoto na kuondoka.

Naomba kutoa hoja.