Moto wa Nyika Hauna Mpaka

Wakati wa kiangazi moto hupanda milima ya Fizi na Baraka. Huyu huchoma majani ng'ombe wapate malisho mapya, yule husafisha shamba, mwingine hufukuza wanyama. Mvua za kwanza hukuta udongo mtupu, huuchukua mpaka mto Mutambala, na mto huumwaga ziwani.

Kwa nini twatazama tu? Tarehe 1 Julai 1885 Serikali ya Mfalme Leopold II iliamuru kwamba nchi zisizokaliwa ni mali yake. Lakini pori hilo lilikuwa na wawindaji wake na wazee wa kulilinda. Sheria ya mwaka 1973 ikasema tena: ardhi ni ya Serikali. Basi watu wakanena, "Kikiungua, shauri la Serikali."

Sheria ya misitu ya mwaka 2002 yakataza kuacha moto usiozimwa. Ni neno jema, lakini karatasi haizimi moto.

Tutazame Itombwe. Mwaka 2006 msitu ule ulifanywa hifadhi pasipo kuwashauri wenyeji, na ugomvi ukatokea. Baadaye wanavijiji walishiriki kuchora mipaka, na mwaka 2016 jimbo likaikubali. Mtu hulinda kile alichoulizwa habari zake.

Basi kabla ya kiangazi wazee, wakulima na wachunga ng'ombe wakae pamoja: wachague siku ya kuchoma, wafyeke njia ya kuzuia moto, wala mtu asiondoke kabla majivu hayajapoa. Nyika ya wote yataka macho ya wote.