Bati la Kyerwa na Hukumu ya Mashimo Yaliyoachwa

Jina la Karagwe si geni katika historia ya Uislamu Afrika Mashariki. Wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa na kituo Kafuro, karibu na Bweranyange, makao ya Mukama. Miongoni mwao alikuwa Ahmed bin Ibrahim, aliyefika Buganda mwaka 1844 na kumweleza Kabaka Suna habari za Mwenyezi Mungu. Walifuata pembe za ndovu. Wenyeji nao walikuwa mahodari wa uhunzi, hata hazina ya Mukama Rumanyika ilikuwa na ng'ombe wa chuma.

Bati lilichelewa. Lilichimbwa zama za Waingereza na kampuni iliyoitwa Kyerwa Syndicate, katika eneo ambalo tangu 2012 ni Wilaya ya Kyerwa. Madini haya hukaa katika mishipa ya mawe meupe. Uzito wake ni takriban mara saba ya maji. Kwa hiyo mawe hupondwa na kuoshwa, mchanga ukaenda na maji, bati likabaki chini. Oktoba 1985 soko la bati la dunia lilianguka huko London, na katika Rwanda jirani shirika la Somirwa likafilisika.

Kampuni iliondoka, yakabaki mashimo na vifusi, na wachimbaji wadogo wakaendelea kutafuta riziki yao humo. Hapa fiqhi ina neno.

Kwanza, zaka. Kwa Mashafii, zaka ya madini ni ya dhahabu na fedha tu. Mahanafi huwajibisha khumsi katika kila madini yanayoyeyuka na kufuliwa, bati likiwemo. Ama anayenunua bati ili aliuze, hilo ni bidhaa, lina zaka ya biashara.

Pili, dhamana. Katika hadithi ya Abu Huraira, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alibainisha kuwa madhara ya machimbo hayana fidia. Wapo wanaoishika hadithi hii kuwa ni ruhusa ya kuacha mashimo wazi. Sivyo. Mafaqihi wameifasiri kwa aliyechimba kwa haki, katika milki yake au ardhi isiyo na mwenyewe. Ama achimbaye njiani mwa watu bila idhini, akatumbukia mtoto au mnyama, huyo ana dhamana.

Basi maimamu wawakumbushe wachimbaji: shimo lililokwisha kazi lifukiwe au lizungushiwe uzio. Kuondoa udhia njiani ni katika imani. Vipi basi kwa aliyeuweka mwenyewe?